Samaki wawindaji wa saizi tofauti: kizuizi, tangi la pili au tangi moja kubwa?

Ukiwa Kisumu na una oska mkubwa, yule samaki mwindaji wa kufugwa tangini, anayemsumbua mwenzake mdogo, utapewa ushauri wa aina tatu. Mmoja atakwambia uweke kizuizi katikati ya tangi. Mwingine atasema ununue tangi la pili. Wa tatu, mara nyingi muuzaji mwenyewe, atakwambia tangi lako ni dogo, chukua kubwa zaidi. Njia zote tatu zinafanya kazi, ila kila moja ina kazi yake, na wengi hutoa pesa kwa njia ambayo haigusi shida waliyo nayo. Kwa hiyo kabla ya kuzilinganisha, amua kwanza unachotaka kuzuia. Je, ni mdomo au ni ubabe?

Mdomo na ubabe havitibiwi kwa dawa moja

Samaki anayemla mwenzake hana ugomvi naye. Ameona chakula. Hatandazi mapezi, hapanui mashavu kumtisha, wala habadilishi rangi. Anasogea taratibu, anafungua mdomo ghafla, maji yanavutwa ndani na mdogo anakwenda nayo. Kambare hufanya hivyo usiku taa zikishazimwa, akipapasa kwa ndevu zake, na asubuhi unahesabu samaki unakuta mmoja hayupo, wala hakuna gamba lililobaki. Ukimshibisha utapunguza hatari, lakini hutaiondoa.

Ubabe una dalili zake. Oska anatoka bonde la Amazoni. Samaki mwingine wa tangini, aitwaye Jack Dempsey, anatoka Amerika ya Kati, na jina lake ni la bondia Mmarekani aliyekuwa bingwa wa dunia wa uzani wa juu kuanzia 1919 hadi 1926. Wote wawili ni sikilidi, jamii moja na ngege na fulu wa ziwa letu, Victoria. Sikilidi huchukua kipande cha tangi na kukilinda kama shamba lenye hati. Anayeingia huonyeshwa ubavu, mapezi yakiwa yamesimama wima. Asipotoka, mwenye eneo hupanua mashavu, kisha humgonga kwa mkia. Wakilingana nguvu hushikana midomo na kusukumana huku na huku mpaka mmoja asalimu amri, afifie rangi na kurudi nyuma.

Na mkubwa si lazima awe ndiye mbabe. Oska ana mwili mkubwa lakini wengi wao ni wapole kuliko wanavyoonekana, na Jack Dempsey wa sentimita 12 anaweza kumchana mapezi oska wa sentimita 20 mpaka akatae kula. Nimeona watu wakimhamisha mkubwa kwa kudhani yeye ndiye mkosaji, wakamwacha mchokozi mwenyewe na samaki wengine wadogo zaidi.

Kipimo ninachotumia ni rahisi. Mdogo akiwa chini ya theluthi moja ya urefu wa mkubwa, mhesabu kuwa chakula. Akiwa kati ya theluthi na nusu, tazama umbo lake: mwenye mwili mpana wa kusimama kama ngege humezeka kwa shida, mwembamba mrefu huteleza kooni bila tatizo. Akizidi nusu, hofu ya kumezwa inapungua, na kinachobaki ni ubabe.

Wafugaji wa kambare wa Busia, Siaya na Kakamega hawahitaji kuelezwa haya. Vifaranga vya kambare vilivyoanguliwa siku moja havikui kwa kasi moja, na waliotangulia huanza kuwala wenzao, wakianza na mkia kama hawawezi kummeza mzima. Ndiyo maana mfugaji huwachambua kila baada ya wiki moja au mbili na kuweka kila saizi kwenye "hapa" yake (kizimba cha wavu cha ndani ya bwawa) au bwawa lake. Hawapi kichaka cha kujifichia, wala hawaombi wazoeane. Anawatenga. Tangi la sebuleni lina sheria hiyo hiyo.

Kizuizi: cha haraka, lakini hesabu sentimita

Watu hukimbilia kizuizi kwa sababu ni rahisi kifedha na kinaweza kuwekwa jioni hiyo hiyo. Kuna aina mbili hasa: kipande cha kioo, au wavu mgumu wa plastiki, ule wa miraba unaowekwa chini ya taa za dari maofisini. Kati ya hizo nachagua wavu. Maji yanapita, kwa hiyo chujio moja linahudumia pande zote mbili na joto linalingana. Ukifunga na kioo kizima, upande mmoja unabaki na maji yaliyosimama na unalazimika kununua chujio jingine, na hapo ile nafuu ya bei imeshapotea.

Ubaya wa wavu na wa kioo cheupe ni kwamba wanaendelea kuonana. Kwa shida ya mdomo hilo si neno, maana asiyeweza kufikiwa haliwi. Kwa shida ya ubabe ni balaa. Mbabe hukaa siku nzima akikigonga kizuizi mpaka ngozi ya juu ya mdomo inachubuka, na mnyonge hukaa kona ya mbali kabisa akihema haraka ingawa hakuna anayemgusa. Dawa yake ni kuziba mwono: bandika plastiki nyeusi kwenye sehemu kubwa ya wavu, ukiacha nafasi chini na juu maji yapite.

Halafu kuna uimara. Oska mzima akikurupuka ana nguvu ya kuangusha wavu uliosimamishwa kwa mawe tu. Mwambie fundi wa vioo akugandishie vipande vyembamba vya kioo pande zote mbili viwe mfereji wa kushikilia wavu, kwa silikoni isiyo na dawa ya kuzuia ukungu, na usirudishe samaki mpaka ile harufu ya siki iishe kabisa, si chini ya siku mbili. Wavu ufike kwenye kifuniko, kwa sababu samaki anayefukuzwa huruka. Chini uzame ndani ya changarawe, kwa sababu sikilidi huchimba.

Hata ukifanya yote hayo, hesabu inabaki pale pale. Tangi la futi 4 lina sentimita 120. Ukiligawa katikati, kila mmoja anapata sentimita 60. Oska hufika sentimita 30, wakati mwingine zaidi, kwa hiyo ana urefu wa miili miwili tu wa kwenda na kurudi. Hayo si maisha ya kumwekea samaki anayeweza kuishi miaka 10. Kizuizi nakikubali kwa kazi tatu: kumpa majeruhi nafasi mapezi yake yaote tena, kumlea mdogo mpaka azidi nusu ya urefu wa mwenzake, na kuwatenga wanapotaga. Wakitaga, jozi ya sikilidi hulinda mayai kwa ukali ambao hakuna mpangilio wa mawe utakaoutuliza.

Tangi la pili: ndilo jibu la mdomo

Kama tofauti ya urefu ni ile ya chini ya theluthi, sioni haja ya kuzunguka. Tafuta tangi la pili. Halihitaji kuwa la urembo. Pipa safi la plastiki lililokuwa la chakula, la lita 100 au 200, lenye pampu ya hewa na chujio la sifongo, linamtosha samaki wa sentimita 8 kwa miezi kadhaa. Mwangalie kutoka juu kama anavyofanya mwenye bwawa.

Gharama iliyofichika ni muda. Tangi jipya halina bakteria wa kugeuza amonia, sumu itokayo kwa samaki, hasa kupitia matamvua, na kwenye uchafu wao, kuwa nitraiti, kisha naitreti, na bakteria hao huchukua wiki 4 hadi 6 kujijenga. Ukimtoa mdogo kwenye mdomo wa oska ukamtia kwenye amonia, hujamwokoa. Lakini tayari una tangi linalofanya kazi, kwa hiyo lichukulie faida: hamisha kipande cha sifongo chafu kutoka chujio la zamani, usikioshe, kiweke kwenye chujio jipya siku hiyo hiyo. Lisha kidogo wiki mbili za mwanzo na ubadilishe robo ya maji kila baada ya siku mbili tatu. Maji ya mfereji yaache wazi kwenye ndoo tangu jana yake klorini itoke, au tumia dawa ya kuondoa klorini.

Faida nyingine ya tangi la pili ni kwamba mnyonge anapumzika kweli. Haoni adui wala hamnusi. Samaki hunusa kemikali za wenzao ndani ya maji, na wavu hauzuii harufu. Nimeangalia Jack Dempsey aliyekuwa amefifia na kuwa rangi ya majivu, mkia umechanika nyuzi nyuzi, amejibana nyuma ya bomba la chujio. Oska wa mle ndani alikuwa akila juu ya maji, akimaliza anarudi kwenye ile kona kusimama mbele yake. Hakuwa na njaa, alikuwa zamu. Baada ya kuhamishwa, mdogo alikaa siku mbili chini bila kuonja kitu. Siku ya tatu alichukua ochong'a mmoja, yule uduvi mdogo wa ziwani, na ndani ya wiki madoa yake ya samawati yalikuwa yamerudi.

Tangi moja kubwa: kwa ubabe tu, na kwa masharti

Hili ndilo ninaloliona linauzwa vibaya zaidi. Tangi kubwa halimzuii mwindaji kumla anayeenea mdomoni, linamchelewesha. Lakini kama samaki wako wamekaribiana kwa urefu na wanagombea mipaka, hakuna njia inayolishinda, kwa sababu linagusa chanzo chenyewe cha ugomvi.

Kwa oska mmoja na mwenzake mmoja mkali, naanzia futi 4 kwa 2 kwa 2. Hiyo ni takriban lita 430, kioo cha milimita 10, na maji yenye uzito wa takriban kilo 430 kabla hujahesabu kioo, mawe na meza yenyewe. Fundi wa chuma akutengenezee stendi, na kama unaishi ghorofani weka tangi kando ya ukuta wenye nguzo, si katikati ya sebule. Ukiweza futi 6, ni karibu lita 650, na tofauti ya tabia utaiona. Upana una maana kuliko kimo: samaki anayekimbizwa hukimbia kwa ubavu, haruki ghorofa.

Ukubwa peke yake hautoshi. Usiwahamishe kwa zamu. Ukimtia mmoja leo na mwingine wiki ijayo, wa kwanza ameshajigawia eneo lote. Kama ni lazima uongeze samaki kwenye tangi la zamani, toa mawe yote, yapange upya kabisa, kisha mtie mgeni jioni na uzime taa. Mwenyeji anaamka asubuhi akiwa mgeni naye. Kata mwono kwa vitu virefu: magogo, mawe bapa, vyungu vilivyovunjika ubavu, mabomba ya plastiki ya inchi 4. Mwekee mdogo pango ambalo mkubwa haingii, lenye tundu mbili, kwa sababu pango la tundu moja ni mtego.

Lisha sehemu mbili kwa wakati mmoja, kila mwisho wa tangi. Na kama maji yamefika nyuzi 29 au 30 wakati wa jua kali, funika upande wa dirisha na ongeza hewa. Maji yakipoa kuelekea 25 mwili wa samaki unatulia na hasira inapungua pia.

Kuna ushauri wa kujaza samaki wengi ili kipigo kigawanyike. Kwa sikilidi wadogo kama fulu, au wale wa Ziwa Malawi, una ukweli: wawili tu maana yake mmoja anapigwa kutwa nzima, na dume mmoja na majike kadhaa hutulia zaidi kuliko madume wawili. Kwa samaki wa sentimita 30 sikushauri. Uchafu wao utalishinda chujio kabla ugomvi haujaisha.

Wapo pia wanaonunua vifaranga vya saizi moja wakidhani wamemaliza kazi. Oska wa sentimita 5 anaweza kufika sentimita 20 au zaidi ndani ya mwaka mmoja akilishwa vizuri. Jack Dempsey hatamfikia kwa kasi hiyo. Walioanza sawa mwezi wa kwanza watakuwa kwenye kundi jingine la kipimo changu mwaka ukiisha. Wapime kila mwezi, hata kwa rula iliyoegeshwa kwenye kioo.

Kisumu si Nakuru

Mahali unapoishi pana neno lake. Kisumu, kwenye mita 1,130 hivi juu ya usawa wa bahari, maji ya ndani ya nyumba hukaa karibu na joto wanalolitaka samaki hawa, na wengi hawatumii hita kabisa. Tangi la pili hapa linakula umeme wa pampu tu. Nakuru iko juu ya mita 1,800, usiku wa Julai ni baridi, na kila tangi litahitaji hita yake. Kwa mwenye ubabe wa kutatua, mkazi wa Nakuru ana sababu zaidi ya kuweka pesa kwenye tangi moja kubwa: hita ni ya tangi moja, na maji mengi hupoa polepole usiku. Kwa mwenye shida ya mdomo hata Nakuru sina jibu jingine. Mdogo atengwe, na pipa lake lifunikwe blanketi pande zote.

Stima ikipotea, na hatukosi siku kama hizo, maji mengi yanabeba hewa ya kutosha kwa muda mrefu zaidi. Mwenye matangi mawili awe na pampu mbili za betri, na mwenye kizuizi akumbuke kwamba mkubwa humaliza hewa ya pande zote mbili.

Wasiofaa njia yoyote kati ya hizi

Kijana akikuletea kamongo (samaki mwenye mapafu) mdogo kutoka ufuoni, au kifaranga cha mbuta (sangara), mshukuru na umrudishie. Kamongo ana meno bapa ya kuvunja konokono, na anachouma hukikata: mapezi, mkia, kidole chako. Akiwekwa na mwenzake yeyote, wa saizi yoyote, atamkata. Huishi peke yake, na huweza kufika karibu mita 2. Mbuta naye amewahi kufika kilo 200. Nenda ufuo wa Dunga, Kisumu, asubuhi mitumbwi ikiingia ukamwone aliyekomaa, kisha utazame tena tangi lako. Kambare mkia mwekundu wa Amazoni, anayeuzwa akiwa mrembo wa sentimita 7, hupita mita moja. Kwa hawa swali la kizuizi au tangi la pili halipo.

Nikiwa na wawili hao leo usiku

Ningewapima. Mdogo akiwa chini ya theluthi, angelala kwenye ndoo yenye kifuniko chenye matundu na pampu ya hewa, na kesho pipa. Akiwa juu ya nusu na mapezi yamechanika, ningeweka wavu wenye plastiki nyeusi kwa wiki tatu nne mpaka apone, huku nikiweka akiba ya tangi la futi 4 pana. Wale wa katikati, theluthi hadi nusu, ndio wanaodanganya watu: wanaonekana wamezoeana, kisha siku moja unasafiri, wanakosa chakula siku mbili, na mmoja hayupo. Hao nao nawatenga.

Kama huna nafasi ya tangi la pili wala pesa ya kubwa, mtoe mmoja. Wauzaji wengi hupokea samaki mkubwa, hata kama ni kwa kubadilishana na chakula, na mwenye bwawa la ua anaweza kumtaka. Usimpeleke ziwani wala Mto Nyando. Mbuta alitiwa katika Ziwa Victoria miaka ya 1950 na 1960, na kufikia miaka ya 1980 aina nyingi za fulu zilikuwa zimetoweka mbele ya mdomo wake. Hatuna haja ya kuongeza oska kwenye orodha hiyo. Siku ya kumhamisha, usimlishe tangu jana yake ili asichafue maji njiani, mtie kwenye ndoo yenye maji ya tangi lake mwenyewe, funika, na umbebe jioni jua likishatua.